Kanisa la zamani la misheni tuligeuze ukumbi wa utamaduni: tuanzie wapi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana katika kijiji kimoja cha mwambao wa Tanga. Tuna kanisa la zamani la Wakatoliki, lilijengwa na wamisionari wakati wa Mjerumani kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Parokia ilipojenga kanisa jipya kando ya barabara kuu, hili likaachwa. Nusu ya paa imeanguka, mti umeota ukutani, popo wamejaa, mnarani kuna nyuki na chini yake kuna ufa. Paroko hana pingamizi tukiligeuza ukumbi wa utamaduni: ngoma, kwaya, maonyesho, masomo ya vijana. Tumechangisha shilingi milioni 40 na fundi ameleta makadirio: lipu ya saruji ndani na nje, lenta ya zege juu ya kuta, sakafu ya zege na taili, dari ya jipsamu, bati la msauzi, choo cha ndani pale penye sakristia, kile chumba cha kuhifadhia mavazi ya misa. Anasema miezi mitatu anakabidhi. Tuanze?"

Marahaba, katibu. Msianze. Hizo milioni 40 zibaki benki kwanza. Makadirio ya fundi wenu nimeyasoma mara mbili, na kila mstari umenitia hofu isipokuwa ule wa paa, na hata huo nina neno nao.

Simlaumu fundi. Maisha yake yote amejenga nyumba za tofali za saruji, na kwa nyumba hizo yuko sahihi. Ila ukuta wa kanisa lenu una tabia nyingine. Ukipima penye dirisha utakuta unene wa nusu mita au zaidi. Nje kuna safu ya mawe, ndani safu nyingine, na katikati kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji masika yakinyesha, na jua likitoka huyarudisha hewani polepole kupitia kwenye viungo na lipu ya chokaa. Ndivyo ulivyoishi zaidi ya miaka 100. Ukiuvisha saruji pande zote mbili, maji yanaendelea kuingia, kwa sababu yanapanda kutoka ardhini na yanapenya kwa juu. Kinachozibwa ni njia ya kutokea. Yanabaki ndani pamoja na chumvi, na pwani chumvi haikosi. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu inakuwa fuwele, fuwele zinatanuka, jiwe linamumunyuka kama sukari.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo, tukapewa nyumba moja ya mawe pwani, na nikasaini lipu ya saruji kwa sababu mwenye nyumba alitaka "kitu imara". Siku ya kukabidhi ilipendeza mno. Masika ya pili ukiigonga lipu ilitoa sauti ya debe tupu. Masika ya tatu ikadondoka vipande vikubwa kama sinia, na mgongoni mwa kila kipande uso wa jiwe umegandia. Yaani lipu iling'oka na ukuta wake. Mawe yale hayakuwa na mbadala, na mpaka leo nikipita mtaa ule nashika upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda na ufunguo wa mlango. Kwaruza kiungo kati ya jiwe na jiwe mahali ambapo hapajaguswa. Unga mweupe ukitoka kwa urahisi, hiyo ni chokaa yenu ya asili. Kisha tafuta mahali palipowahi kuzibwa miaka ya karibuni, maana hapakosekani. Utaona rangi ya kijivu, ufunguo unateleza, na pembeni mwake jiwe limeliwa kuliko kwingine kote. Mwite fundi wenu aone kwa macho yake. Mafundi wengi wakionyeshwa hilo hawabishi tena.

Chokaa yenyewe haina uchawi ila inataka subira. Inunuliwe mapema, izimwe kwa maji, ilale shimoni au kwenye mapipa ikiwa imefunikwa na maji walau miezi mitatu mpaka iwe laini kama siagi. Mchanga uwe wa mtoni, uoshwe, kwa maana mchanga wa ufukweni unaleta chumvi ile ile tunayoikimbia. Kipimo cha kuanzia ni kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, mkijaribu ukutani pahali padogo kabla ya kukubaliana. Lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila tabaka isubiri iliyotangulia, na juu yake litandikwe gunia bichi lisikauke mbio. Ikipigwa kaskazi jua likichoma, itapasuka yote. Majira yake ni kipupwe, masika yakishapita na ardhi imetulia. Kwa fundi wenu miezi mitatu ni kazi nzima. Kwa chokaa, ni muda wa kulala tu shimoni.

Halafu mawe. Matumbawe hai yasichimbwe baharini, kwa hiyo kila jiwe lililoanguka ndani ya kanisa ni mali. Yapangeni kando, mkitenganisha mawe ya kona na ya matao, na mumwombe mwenyekiti wa kijiji atangaze yasichukuliwe kwenda kujengea misingi ya mabanda. Nadhani mengine yameshakwenda. Pitieni kwa majirani kwa heshima. Nimeona mawe ya tao yakirudishwa kwa kubadilishana na tofali.

Kabla ya lipu yoyote kuna maji. Kuta zenu zimesimama vichwa wazi upande ulioanguka, na kila mvua inaingia katikati ya ukuta kama kwenye mfuko. Pesa ya kwanza kabisa itumike kuweka kipaa cha muda cha mabati juu ya nguzo zinazosimama zenyewe ardhini, zisizoegemea kuta. Pesa ya pili ichimbe mifereji kuzunguka jengo ili maji yasitwame penye msingi. Naamini ukienda nje utakuta udongo umepanda, labda kwa nusu mita, kwa majani na kifusi cha miaka yote hiyo. Uondolewe taratibu kwa jembe na mikono, na mtu mmoja awe anatazama, kwa sababu pembeni mwa makanisa ya zamani kuna makaburi, mengine hayana hata alama.

Mti usiung'oe. Najua unatia aibu, lakini mizizi yake sasa ni sehemu ya ukuta, na ukiuvuta unavuta mawe. Ukatwe matawi, kisha shina, mizizi iachwe ife humo humo, na fundi awe anaitoa kidogo kidogo huku akijaza chokaa na vipande vya mawe. Nyuki waitiwe mfugaji wa nyuki awahamishe usiku, msiwachome moto mnarani, mbao za mnara ndizo kavu kuliko zote. Kinyesi cha popo kilowanishwe kabla ya kuzolewa, na wanaozoa wavae barakoa, maana vumbi lake lina ukungu unaoweza kuingia mapafuni na kuleta maradhi. Hili vijana hulicheka. Lisichekwe.

Nyufa nazo zinataka kuulizwa kabla hazijazibwa. Chukua vipande vyembamba vya kioo, urefu wa kidole, uvibandike kwa plasta ya jipsamu juu ya ufa, ncha moja huku na nyingine kule, uandike tarehe kwa penseli. Kioo kikikaa kizima hadi masika yapite, ufa umelala. Kikikatika, jengo linatembea, na hapo mhandisi wa miundo anahitajika kabla ya mtu yeyote kupanda juu. Jengo linalotembea huegemezwa kwanza kwa magogo na vyuma, ndipo mengine yafuate. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na mafundi wawili walipoteza maisha. Lilikuwa jengo linalojulikana dunia nzima. Lenu ni dogo, lakini uzito wa jiwe kichwani ni ule ule.

Sasa nirudi kwenye neno moja la barua yako: "Paroko hana pingamizi." Nafurahi, ila haitoshi. Paroko anahamishwa. Mwingine akija na mawazo yake, ukumbi wenu unakwisha kwa tangazo moja baada ya misa. Katika Sheria za Kanisa Katoliki, kanuni ya 1222, mwenye mamlaka ya kuliondoa kanisa kwenye ibada na kuliruhusu kwa matumizi ya kawaida ni askofu wa jimbo. Anaweza kufanya hivyo ikiwa kanisa halifai tena kwa ibada na haliwezi kutengenezwa, au kwa sababu nyingine nzito baada ya kuwasikiliza mapadri wa baraza lake na kwa ridhaa ya wenye haki juu ya kanisa hilo. Na kanuni hiyo inaweka mpaka: matumizi yawe ya kawaida lakini yasiwe ya aibu. Mpaka huo mkautafsiri nyinyi na wazee kabla hamjaandika barua. Kwaya, maonyesho, darasa, ngoma za jando na harusi, sioni shida. Disko la usiku na baa? Kisheria mtabishana, kijijini mmeshashindwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni altare, yaani meza ya misa. Kanuni ya 1238 inasema altare haipotezi wakfu wake kwa sababu tu kanisa limegeuzwa matumizi. Kwa hiyo ile meza ya jiwe msiifanye jukwaa la spika wala meza ya vinywaji. Jimbo liamue: ihamishwe kwa heshima, au ibaki mahali pake ikiwa imezungushiwa nafasi. Binafsi ningependa ibaki. Ila mpaka jibu litoke, mtu asikae juu yake hata kwa ajili ya picha.

Barua ya askofu ikipatikana, ifuate karatasi ya ardhi. Kiwanja cha misheni kwa kawaida kiko kwa jina la Bodi ya Wadhamini ya jimbo, na hati inataja matumizi. Kikundi chenu kiombe mkataba wa pango wa miaka mingi, ulioandikwa na mwanasheria, unaosema nani anatengeneza nini na mapato yanakwenda wapi, na halmashauri ya wilaya ishirikishwe kwenye mabadiliko ya matumizi na kibali cha ujenzi. Halafu msidhani kwamba jengo likiwa la zamani tayari linalindwa na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Kanisa la wakati wa Mjerumani liko nje ya mstari huo mpaka Waziri alitangaze. Maana yake ni kwamba leo hii sheria hiyo haimzuii mtu mwenye tingatinga na ruhusa ya mwenye kiwanja. Andikeni kwa Idara ya Mambo ya Kale hata kama hamtaki litangazwe, mpate mtaalamu wa kulikagua na jengo liingie kwenye kumbukumbu.

Hayo yakienda, swali lililo gumu zaidi ndipo linapokuja: ukumbi wa nini hasa? Mmeniandikia ngoma, kwaya, maonyesho na masomo kwa pamoja. Simameni katikati ya kanisa, mmoja apige kofi moja kali, wote mnyamaze, mhesabu sauti inachukua muda gani kufa. Sasa hivi mtaona kawaida, kwa sababu nusu ya paa haipo na sauti inatoka. Paa likirudi na kuta zikiwa tupu, kanisa la mawe la ukubwa huo linaweza kushika sauti sekunde tatu au zaidi. Kwa kwaya ni asali. Kwa mtu anayefundisha au anayesimulia, kila neno linapanda mgongoni mwa jingine. Kwa ngoma sita na vipaza sauti ni vurugu tupu, na mtetemo wa spika kubwa zilizoegemezwa kwenye kuta za chokaa ni mateso kwa jengo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ndani iwe kwaya, taarabu ya ala bila vyombo vya kukuza sauti, mashairi, maonyesho na mikutano, na ngoma zichezwe uwanjani, ukuta wa kanisa ukiwa mandhari nyuma. Tuna mfano jirani. Ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja kulikuwa na kanisa dogo la Wareno, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 17. Waomani walipowaondoa Wareno wakajenga ngome juu yake, na mabaki ya kanisa yakamezwa na ukuta. Leo uani kuna viti vya ngazi, na humo ndimo watu wamekuwa wakijaa kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara na tamasha la filamu la ZIFF. Kelele zote ziko chini ya anga. Kuta zinatazama tu. Kwa masomo ya vijana, tundikeni mapazia mazito yaliyoachana na ukuta kwa shibiri moja au mbili. Yanashusha mwangwi na yanaondolewa kwaya ikija. Dari ya jipsamu isahauni. Itazuia hewa, itaficha kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ambazo pengine ndicho kitu kizuri kuliko vyote humo, na paa likivuja hamtajua mpaka siku itakapodondoka yote juu ya watu.

Kuhusu paa nina mifano miwili ya Hispania. Mji wa Corbera d'Ebre ulivunjwa kwa mabomu mwaka 1938 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kanisa lake la Sant Pere likabaki kuta bila paa. Walipolitengeneza, kazi iliyokamilika mwaka 2011, hawakurudisha paa la zamani. Waliweka juu yake utando wa plastiki angavu, hivi kwamba ukisimama ndani unaona mbingu na mvua haikupati, na mahali panatumika kwa tamasha na maonyesho. Sisemi muige plastiki, joto la Tanga litawapika. Ninachotaka mkione ni kwamba waliuliza kwanza jengo linahitaji nini, na jibu likawa kukingwa mvua tu. Walioanza na swali la "lilikuwaje zamani" wangejenga kitu kingine, kwa bei nyingine.

Mfano wa pili ni Santpedor, katika mkoa wa Barcelona, na huu ndio unaojibu choo chenu. Kanisa la utawa wa Wafransisko la karne ya 18 liliporwa mwaka 1835, likaachwa likaoza, na mwaka 2000 nyumba za watawa zilizolizunguka zikabomolewa. Msanifu David Closes alilifanya ukumbi wa muziki na mikutano. Ngazi mpya na mitambo aliviweka kwa sehemu kubwa nje ya mwili wa kanisa, ili ndani pabaki pakubwa vile vile palivyokuwa. Na mahali paa lilipokuwa limeanguka hakupaficha. Aliacha mwanga uendelee kuingia kwa juu. Ukiingia unajua hapa paliumizwa. Basi choo kisiingie sakristia. Maji na mabomba ndani ya kuta za chokaa ni kualika ugonjwa mnaoutibu. Choo, jiko la chai na stoo vijengwe banda dogo pembeni, mita kadhaa kutoka ukutani, kwa tofali za saruji. Hapo ndipo fundi wenu atafurahi, na kazi yake itakuwa nzuri.

Kanuni hiyo hiyo iende kwenye umeme na samani: lolote jipya lisimame lenyewe na liweze kuondoka. Msichimbe kuta kwa ajili ya nyaya. Zipite chini pembezoni, kwenye mabomba yanayoonekana. Jukwaa liwe la mbao za kupanga na kupangua. Taa zisimame kwenye miguu yake. Huko Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13, ambalo Wafaransa walilinyang'anya watawa mwishoni mwa karne ya 18 na ambalo baadaye lilipata kuwa mpaka maegesho ya baiskeli, liligeuzwa duka la vitabu mwaka 2006. Wasanifu wake walisimamisha kabati kubwa la chuma la ghorofa upande mmoja tu, upande wa pili wakauacha mtupu hadi juu. Mtu anapanda ngazi katikati ya vitabu na kujikuta uso kwa uso na michoro ya dari ambayo kwa karne nyingi ilionekana kwa mbali. Wala si mambo ya kupendeza macho tu. Mwaka 2014 kampuni iliyomiliki duka hilo ilifilisika. Wafanyakazi wakaomba michango ya watu, wakapata, wakaendelea wenyewe. Kwenu, jumba linaweza kutengenezwa vizuri kisha likafungwa kwa sababu hakuna anayelipa mlinzi na balbu. Andikeni bajeti ya mwaka wa kwanza baada ya kufungua kabla ya kupitisha bajeti ya ujenzi. Nani anafagia? Nani anasafisha mifereji kabla ya masika na kabla ya vuli? Mapato ya harusi moja yanalipa nini?

Lenta ya zege: hapana. Mnaweka mzigo mgumu, mzito, juu ya ukuta laini, halafu chuma cha ndani kinashika kutu kwa hewa ya bahari, kinavimba, kinapasua kila kitu. Kenchi zikae juu ya ubao mnene wa mbao ngumu uliolazwa kwenye chokaa kichwani mwa ukuta na kufungwa kwa vyuma visivyoshika kutu. Kenchi za zamani zipimwe moja moja kabla ya kutupwa. Mchwa na maji hula miguu yake pale zinapoingia ukutani, na katikati huwa nzima kabisa. Fundi seremala mzuri anakata mguu ulioliwa na kuunga mpya. Bati si kosa, misheni nyingi zilitumia bati tangu mwanzo, ila chukueni bati la kawaida la migongo midogo badala ya msauzi, litakaa kwa heshima juu ya kuta hizo. Mifereji ya paa isikosekane.

Sakafu: chini ya kifusi huenda mna sakafu ya chokaa au mawe. Fukueni kona moja muone kabla ya kumwaga hata ndoo ya zege. Zege na taili ni saruji ile ile kwa njia ya chini. Maji ya ardhini yakikosa njia sakafuni yatahamia kuta.

Milango tumewahi kuisahau wote. Kanisa lina mlango mkubwa mbele na mdogo wa sakristia, na mara nyingi yote miwili inafunguka kwa ndani. Zimamoto watauliza njia za kutokea, na wana haki. Shughuli ikiwepo, milango ifunguliwe wazi na kushikizwa kwa kulabu ukutani, na mlango wa sakristia usiwe na viti vilivyorundikwa. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nao muwaone mapema kuhusu kibali cha ukumbi.

Kama vijana watasema mnachelewa mno, waambieni habari za kanisa la St Luke's la London, mtaa wa Old Street. Lilifunguliwa mwaka 1733, likafungwa mwaka 1959 kwa sababu ardhi chini yake ilikuwa inazama na kuta zinapasuka, paa likaondolewa, na kwa miaka 40 hivi likabaki gofu lenye miti ndani, katikati ya jiji tajiri. Kabla ya kulifanya ukumbi wa mazoezi na mafunzo wa okestra ya London Symphony, uliofunguliwa mwaka 2003, ilibidi kwanza mabaki ya watu zaidi ya 1,000 yaliyozikwa chini yatolewe na kuzikwa upya kwingine. Paa jipya halikuachiwa kuta peke yake, limebebwa na nguzo za chuma zilizosimama ndani. Kwenu hakuna pesa za namna hiyo, lakini utaratibu ni ule ule: ardhi, wafu, mzigo wa paa, na mwisho kabisa viti.

Na kama jibu la askofu likiwa hapana, au mhandisi akisema kuta haziwezi kubeba paa, msivunjike moyo. Bagamoyo, kanisa la kwanza la Mapadri wa Roho Mtakatifu la mwaka 1872 halipo tena. Umebaki mnara. Lakini mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, uliobebwa kutoka bara na watumishi wake akina Chuma na Susi, ulilazwa hapo Februari 1874, na watu wanatoka mbali kuja kusimama mbele ya mnara ule mtupu. Makumbusho yako kwenye nyumba ya zamani ya masista, hatua chache tu. Kuta zilizokingwa zisianguke, uwanja uliosafishwa, mwembe na mabenchi, kibao chenye historia iliyoandikwa vizuri: hicho nacho ni kituo cha utamaduni, na milioni 40 zinakitosha.

Kwa sasa nifanyie mambo machache. Mpigie fundi umwambie kazi imesogea mbele, usimwambie imefutwa. Mtamhitaji kwenye banda la choo na mifereji, na akikubali kujifunza chokaa, mtamhitaji zaidi. Mtafuteni mzee yeyote wa kijijini aliyewahi kuzima chokaa, akae naye. Waulizeni wazee wa parokia nani amezikwa wapi. Na unitumie picha za kona nne za jengo kwa nje, kila kichwa cha ukuta uliokosa paa, miguu ya kenchi zilizosalia, na ule ufa unaosema uko chini ya mnara. Kwenye picha ya ufa weka rula au hata sanduku la kiberiti pembeni ili nijue upana wake, na uniandikie kama mlango wa mbele bado unafunga bila kusukumwa kwa bega.